Filamu Iliyoona Jua

Kwa heshima na taadhima naomba ieleweke kwamba mimi, Yunus bin Bilali, mwanafunzi wa shule ya bweni, mzaliwa wa Mwanza mjini, nyuma ya msikiti, nilikuwa mmiliki halali wa kamera. Sikuiazima wala sikuiokota. Nilipewa na Mwalimu Kahigwa, Mhaya wetu wa jiografia, alipokuwa anakwenda masomoni Ulaya. Alinikabidhi mbele ya darasa zima na kusema, "Huyu mikono yake ikipata kazi, labda shule itapumua."

Shule ilikuwa na haki ya kutaka kupumua. Muhula ule niliendesha mazishi rasmi ya kata ya maji iliyovunjika, pamoja na hotuba, waombolezaji na kaburi. Na kofia ya mwalimu mkuu ilikuwa imeonekana kwenye gwaride ikiwa kichwani mwa mbuzi. Ushahidi dhidi yangu haukupatikana, ila mbuzi alinifuata kila nilikokwenda.

Kamera yenyewe ilikuwa ya Kijerumani, nzito kama pasi ya mkaa. Kila kitu unafanya kwa mkono. Unakadiria umbali kwa futi, unachagua tundu la mwanga, unachagua kasi, unavuta filamu kwa kidole gumba, ndipo unafyatua. Ukisahau kimoja, kamera haikwambii. Inalia klik ileile nzuri na kukuacha uende zako na furaha ya mjinga. Mwalimu Kahigwa alinipa na filamu moja, akanionya mambo mawili. Usifungue mgongo wa kamera kabla hujairudisha filamu yote ndani ya kikopo chake, maana kabla ya kusafishwa picha hazionekani kwa macho, na mwanga ukiiona imekwisha. Na usiirudishe kabla haijajaa, maana sehemu iliyobaki itakuwa hasara.

Nikafika nyumbani likizo ya Desemba 1961. Mji mzima ulikuwa unapaka mawe chokaa kwa ajili ya uhuru, na mama yangu alikuwa kitandani.

Hakuna aliyenipa habari. Tumbo lake lilikuwa limejaa maji na macho yamekuwa ya njano. Hospitali walimtoa maji, yakarudi, wakamtoa tena, yakarudi, kisha wakamwambia baba amchukue akapumzike nyumbani. Baba ni fundi cherehani, mtu wa maneno machache, na alikuwa ameshaelewa. Mimi nilijifanya sijaelewa. Nina kipaji hicho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nini hicho shingoni? Wamekufunga kengele usipotee?"

"Kamera, mama."

"Umeiba wapi?"

"Nimepewa zawadi kwa tabia njema."

Alicheka mpaka akashika ubavu kwa maumivu. Baba akaniangalia kutoka mlangoni kama mtu aliyemwona mbuzi na kofia.

Inafaa kueleza hapa kwamba mama hakuwa na picha hata moja duniani. Sababu ilikuwa shangazi Mboni, dada yake baba, anayekaa Nansio kisiwani. Shangazi alilelewa na babu katika imani kwamba malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye picha ya kiumbe, na hakuna binadamu ninayemfahamu aliyetaka malaika waingie nyumbani kwetu kuliko yeye. Siku ya harusi ya wazazi wangu alimfukuza mpiga picha kwa mwiko. Tangu hapo hakuna aliyejaribu.

"Sasa piga," alisema mama. "Wifi yangu yuko Nansio, na maji yote yale katikati."

"Mama Yunus, pumzika," alisema baba.

"Nitapumzika sana tu, Bilali." Alimvuta mdogo wangu Mwaija, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kuunganisha maneno mawili, akamweka kifuani. "Huyu hatanikumbuka. Yunus anao ukorofi wangu, hata akisahau uso ataniona kila akijitazama. Huyu je? Akikua akauliza mama alikuwaje, mtamwambia nini? Alikuwa mfupi? Alikuwa mkali? Wafupi wakali wamejaa soko zima."

Baba aliinuka. Alitoka, akarudi na futi yake ya fundi.

Nilikuwa nimemweleza kwamba umbali ukikosewa sura inakuwa ukungu, na yeye hapendi kukadiria. Akakaa pembeni ya kitanda, akashika ncha moja ya futi kwenye pua ya mama, mimi nikavuta ncha nyingine hadi kwenye kioo cha kamera.

"Mnanipima sanda?" aliuliza mama.

Mimi, bingwa wa majibu, nilijifanya nasoma namba za kamera. Baba alisoma futi kwa sauti kama anavyofanya kwa wateja, "Tano," kisha akaikunja polepole kidoleni.

"Kaa wima, mama. Usitikisike."

"Mbona unanifumbia jicho moja kama unataka kuniposa?"

"Ndivyo inavyotazamwa."

"Bilali, mwanao huyu akioa, mkewe atakuwa na shida."

Nilifyatua akiwa anacheka. Nikampiga na Mwaija mapajani, nikampiga peke yake amejifunga kilemba, nikampiga akimnyooshea baba kidole kwa jambo ambalo nadhani lilimhusu kuku. Tulifungua madirisha yote mawili na mlango ili mwanga uingie, tukamvuta na kitanda chake kama tunahama. Siku ile tulikuwa nyumba yenye furaha, jambo ambalo sikuliona mpaka lilipopita.

Zikabaki nafasi chache mwishoni mwa filamu. Nikamwambia nitampiga moja baada ya nyingine tumalize, niipeleke studio ikasafishwe, azione.

"Hapana," alisema. "Hizo za mwisho nisimame. Mwaija asije akadhani alizaliwa na mtu wa kitandani. Nipate nafuu kidogo tu, nivae ile kanga mpya, nisimame pale mlangoni."

"Tumalize hizi, mama, nyingine tutatafuta filamu mpya."

"Utaipata wapi? Mji mzima unapiga bendera."

Ilikuwa kweli. Nilikwenda studio ile iliyo karibu na soko, na yule Mhindi mpole mwenye studio akanionyesha rafu tupu. Kila mwenye kamera Mwanza alikuwa anajiandaa kwa uhuru. Basi tukakubaliana kungoja asimame. Nikaitundika kamera kwenye msumari juu ya kitanda chake, ndani ya mfuko wake wa ngozi, picha zake zikiwa zimezungushwa ndani na nafasi za mwisho zikimsubiri.

Siku ya uhuru nilikwenda uwanjani bila kamera. Nasema hivi ili historia ijue. Wenzangu wote wa bweni waliokuwa mjini walinicheka, na Mihayo, ambaye hata saa hana, aliniuliza kama nimeiweka rehani. Nilishangilia mpaka sauti ikakauka. Nilirudi nikamwigizia mama kila kitu, ngoma, skauti waliozimia kwa jua, mkuu fulani aliyekanyaga kamba ya bendera. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Sasa tuko huru," nilimwambia.

"Basi nipe maji huru," alisema, akanywa mafunda mawili, akayatapika.

Baada ya hapo hakusimama, wala hakukaa. Baba akampelekea dada yake habari, na shangazi Mboni akaja kwa boti kutoka Nansio na kikapu cha dagaa na tasbihi. Sitaki mtu amchukie shangazi. Alimwosha mama, alimgeuza, alimlisha uji kwa kidole, alifua nguo zake ambazo hata majirani walishindwa kuzishika. Walikuwa wakigombana miaka yote kama paka, na sasa alikuwa anamwita "mwanangu".

Asubuhi moja baba aliniita barazani. "Nenda Busisi ukamlete mjomba wako Ally. Leo hii."

"Nikimkosa?"

"Usimkose."

Nilipanda juu ya magunia kwenye lori hadi kivukoni. Kivuko kilikuwa ng'ambo. Niliketi na wauza sato nikakitazama, nacho kikanitazama, na wala hakikuwa na haraka. Mjomba nilimpata, tukalala njiani kwa sababu hakukuwa na gari la kurudi, na kesho yake tulipoingia mtaani kwetu tulikuta mikeka imetandikwa nje na wanaume wamekaa kimya.

Baba alikuwa ndani anakata sanda mwenyewe. Hakukubali fundi mwingine aiguse. Futi ilikuwa shingoni mwake kama siku zote. Aliponiona alisema, "Mama yako amekuulizia," akaendelea kukata.

Waliniruhusu kumwona uso kabla hawajamfunika. Sitaeleza. Nilikuwa nimekwishaizika kata ya maji kwa hotuba ndefu kuliko yoyote iliyosemwa siku ile, lakini makaburini sikuweza kutoa hata amina ya kusikika.

Habari za saa zake za mwisho nilizipata kwa majirani, na namna walivyozisimulia nusura nicheke. Mama alipoanza kukata pumzi, shangazi alipitia nyumba nzima akitoa kila chenye sura. Alitoa kalenda ya sabuni yenye bibi anayefua. Alitoa michoro ya mitindo ya suti ya baba, wale waungwana wote wasio na macho. Alitoa kopo la chai kwa sababu lina tembo. Alichukua hata kikopo cha fedha, kwa sababu noti zina kichwa cha Malkia, akakipeleka bandani. Kwa hiyo Malkia, wiki hizohizo alizotupa uhuru wetu, alilala na kuku. Ningemsimulia mama hilo angecheka mpaka ashike ubavu. Niligeuka kabisa kwenda kumsimulia, nikafika hadi mlangoni.

Kamera ilikuwa palepale kwenye msumari.

Wageni walipopungua, niliichukua. Sikuwa na mtu wa kusimama mlangoni, kwa hiyo nikaamua nafasi za mwisho zibaki tupu. Nilianza kuzungusha kile kifundo cha kurudisha filamu. Kilizunguka bure, laini, bila kuvuta kitu. Nikadhani nimeshairudisha siku fulani nikasahau. Kichwa changu siku zile hakikuwa cha kutegemewa. Nikafungua, nikakuta filamu imo ndani ya kikopo chake salama. Nikakipeleka studio.

Baba alinisindikiza hadi kona, jambo asilolifanya kamwe. "Waambie watoe kubwa moja," alisema. "Ile ya kucheka."

Nilirudi studio siku niliyoambiwa. Yule mwenye studio hakuwa na bahasha mkononi. Alinipeleka dirishani na kunyanyua ukanda wote dhidi ya mwanga. Ulikuwa mweusi mwanzo hadi mwisho, mweusi kama pipa la lami.

"Hii imeona jua, kijana," alisema. "Si kidogo. Imetolewa nje yote."

"Haiwezekani. Sijaifungua."

"Basi kuna aliyefungua."

"Hakuna."

"Walikuwa watu gani humo?"

Nilimwambia. Akauweka ukanda mezani kwa mikono miwili, akaanza kufuta meza ambayo ilikuwa safi.

Baba alikuwa ananingoja barazani. "Zimetoka?"

"Bado, baba. Wana kazi nyingi za uhuru."

Kesho yake akauliza tena. Bado, baba. Na kesho yake. Alikuwa amekwishapata kipande cha mbao na kioo, akatengeneza fremu, akaipiga msasa, akaitundika tupu pale juu ya cherehani. Shangazi hakusema kitu juu ya fremu ile. Nadhani alimwachia ndugu yake msiba wake. Mimi nilizunguka mjini nikijihoji. Je, niliifungua juu ya lori? Haikuwapo kwenye lori. Je, niliiweka vibaya tangu mwanzo? Nilirudia kila hatua ya Mwalimu Kahigwa kichwani, na kila mara nilifika mwisho nikiwa sina kosa na sina picha.

Kisha ikaja hitma. Nilikuwa uani nikipokea sufuria kutoka kwa wanawake, na shangazi Mboni amekaa kwenye kigoda anapepeta mchele, akiwasimulia jinsi wifi yake alivyokufa vizuri.

"Shahada aliitoa mwenyewe," alikuwa anasema. "Na uso wake ukawa na nuru, walahi, Teodora, wewe ulikuwepo."

Teodora, jirani yetu Mkatoliki aliyekuja kusaidia kupika, alitikisa kichwa kukubali.

"Nikajua malaika wameingia," aliendelea shangazi. "Kwa maana nilisafisha nyumba yote. Hata kile kidude cha Yunus. Nikajiuliza, picha si hukaa ndani yake? Nikakitoa hapa uani, jua la saa sita. Kina kitasa kidogo ubavuni. Nikafungua, nikauvuta ule utepe wote mpaka mwisho, nikautazama juani kipande kwa kipande. Hamna kitu! Rangi ya maji ya ukwaju mwanzo hadi mwisho, hata jicho la mtu hamna. Nikashukuru Mungu. Nikauzungusha nikaurudisha ndani, kama uzi kwenye bobini. Si nimezaliwa nyumba ya mafundi? Nikakitundika pale pale, sikuharibu hata kidogo."

Nilikuwa nimeshika sufuria ya pilau. Nakumbuka ilikuwa ya moto na kwamba sikuiweka chini.

Shangazi akaniona. "Yunus, mwanangu, njoo. Niwie radhi, nilishika kitu chako bila ruhusa." Sauti yake ikashuka. "Kuna jambo linanikosesha usingizi. Nilikirudisha chumbani kwa kuwa niliona ni kitupu. Lakini mimi sijui vitu hivi. Niambie kweli, zilikuwemo picha mle? Maana kama zilikuwemo, na nilizirudisha mwenyewe juu ya kichwa cha wifi yangu saa ile ya malaika…"

Hakumaliza. Aliuweka ungo chini, akaanza kuokota punje za mchele zilizomwagika.

Nimewahi kudanganya walimu, viranja, polisi wa zamu na padri mmoja. Nafanya kwa uso mtulivu, na siku ile uso ulinitii kama kawaida.

"Hapana, shangazi. Ilikuwa tupu."

"Tupu kabisa?"

"Kabisa. Haikuwa na picha yoyote. Nilikuwa nacheza tu."

"Alhamdulillahi," alisema, akafunika uso kwa upande wa kanga, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. "Alhamdulillahi."

Wanawake wengine hawakusema alhamdulillahi. Teodora ndiye aliyenena kwanza, polepole.

"Lakini Yunus… mama yako alijifunga kilemba. Mlimvuta na kitanda. Nilisikia nikiwa kwangu."

"Ndiyo, mama."

"Mgonjwa yule! Ukamketisha ukimfyatulia kitu kitupu?"

"Mtoto huyu," alisema mwingine. "Mtoto huyu ana moyo gani?"

Niligeuka na sufuria yangu. Baba alikuwa kwenye mlango wa uani, amekuja kuchukua sinia la wanaume.

Alilichukua sinia, akalipeleka. Alikaa na wageni mpaka dua ikaisha, akawashukuru mmoja mmoja. Walipoondoka aliketi kwenye cherehani, mimi nikaenda kusimama mbele yake kwa sababu kukimbia kungekuwa jibu baya zaidi.

"Mimi nilishika futi," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Puani kwake."

"Ndiyo, baba."

"Na ndani hamkuwa na kitu."

Kupitia mlangoni nilimwona shangazi amejilaza kwenye mkeka, tasbihi mkononi, amesinzia mchana kweupe kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kikopo cha filamu ile nyeusi niliyorudishiwa studio kilikuwa mfukoni mwangu. Ningekitoa tu na kukiweka juu ya meza ya cherehani, baba angeelewa kila kitu. Lakini baba hawezi kuficha jambo kwa dada yake. Hawezi kuficha hata kwa mteja kwamba kitambaa chake ni duni.

"Hamkuwa na kitu, baba."

Nilingoja kofi. Nililihitaji, kusema kweli. Hakunipiga. Alinyoosha mkono, akaishusha ile fremu, akatoa kioo, akakiweka kando kwa uangalifu kwa kuwa kioo ni ghali, na mbao akaisukuma chini ya meza pamoja na vipande vya nguo.

"Mwaija akikua akauliza," alisema, "nitamwambia hatukuwa na kamera. Asijue kwamba ndugu yake alifanya hivi. Na wewe usimwambie."

"Sawa, baba."

Mwaija mwenyewe alikuwa ameketi chini kati yetu, anacheza na vitambaa. Alinivuta suruali. "Yunu," alisema. "Fanya chura."

Nilimtazama baba. Alikuwa ananitazama.

"Fanya chura!"

Nikachuchumaa, nikavimbisha mashavu na kutoa macho, nikafanya chura. Mwaija akacheka mpaka akaanguka kwenye vitambaa, na baba akageuza uso wake upande wa ukuta, akaanza kukanyaga cherehani isiyo na kitambaa.